Injini Ilikuwa Ikinguruma, Mbona Helikopta Ilianguka?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha tambarare, kusini mwa Moshi. Mwezi wa Februari helikopta iliyokuja kuwarudisha tembo porini ilianguka kwenye shamba la mahindi ya umwagiliaji nyuma ya shule yetu, yapata saa nane mchana. Watu watatu waliokuwamo walitoka hai, mmoja akiwa amevunjika mguu. Ilikuwa chini sana, kama nguzo mbili za umeme zikisimamishwa moja juu ya nyingine, ikiwafuata tembo polepole, mara ikaanza kuzunguka kama pia, mara tatu au nne, ikaanguka kwa ubavu. Injini ilinguruma mpaka ilipogusa ardhi. Hapa kijijini wengine wanasema injini ilizimika, wengine kwamba iligusa waya, wengine kwamba majangili waliipiga risasi, na wengine kwamba rubani alikuwa anajionyesha. Naomba nielezwe kitaalamu ni kitu gani huwa kinatokea, na kama rubani anaruhusiwa kuruka chini kiasi kile.

Jibu: Mwalimu, nashukuru kwa barua yako ndefu, ambayo hapo juu imefupishwa, na zaidi kwa bahasha ya michoro ya wanafunzi wako wa darasa la tano. Nimefanya kazi ya ufundi na ukaguzi wa helikopta kwa miaka mingi hapa Arusha, na nimewahi kusoma maelezo ya mashahidi watu wazima yaliyonisaidia kidogo kuliko michoro hiyo kumi na mmoja. Kabla sijaeleza kwa nini, niseme wazi kwamba sababu ya ajali hii itatamkwa na wachunguzi waliopewa kazi hiyo kisheria, si na mimi niliyeketi barazani Usa River bila kugusa hata skrubu moja ya mabaki. Ninachoweza kufanya ni kuonyesha yale mliyoyaona yanaelekeza wapi, na ni yapi kati ya yale manne yanayosemwa kijijini yanayoweza kuwekwa kando.

Ili tuelewane, inabidi nianze na kazi ya mkia. Rafadha kuu, yaani yale mapanga marefu ya juu, huzungushwa na injini iliyofungwa kwenye kiwiliwili cha helikopta. Kama umewahi kumshikia fundi drili ya umeme, biti ikakwama kwenye zege, unajua kinachofuata: biti ikikataa kuzunguka, drili yenyewe hugeuka upande wa pili na kuondoka na kiwiko chako. Helikopta ina tatizo hilohilo kila sekunde iwapo angani. Injini inapoyasukuma mapanga upande mmoja, kiwiliwili husukumwa upande wa pili, na kingezunguka bila kukoma kama si ile rafadha ndogo ya mkiani inayosukuma hewa kwa ubavu ili kukizuia. Rubani huongeza au kupunguza nguvu ya rafadha hiyo kwa makanyagio mawili yaliyo miguuni mwake. Kila injini inapofanya kazi kubwa zaidi, mkia nao unadaiwa nguvu zaidi, na nakuomba ulikumbuke deni hilo kwa sababu tutalirudia.

Sasa michoro. Wanafunzi tisa kati ya kumi na mmoja wamechora mapanga mawili juu, na wawili waliobaki wamechora kitu kinachofanana na ua. Helikopta ndogo za mapanga mawili zinazoruka sana huku kwetu ni za Kimarekani, za Robinson na Bell, na mapanga yake huzunguka kinyume cha mshale wa saa ukiyatazama kutoka juu, kwa hiyo kiwiliwili chake wakati wote kinataka kugeuza pua kulia. Helikopta za Kifaransa, kama zile za mapanga matatu ambazo watu wa Moshi wamezizoea kwenye kazi ya uokoaji mlimani, huzunguka upande wa pili na pua zake hutaka kwenda kushoto. Ndiyo maana hesabu ya mapanga iliyofanywa na watoto ina thamani kubwa: bila hiyo nisingejua nianzie wapi.

Ulipoandika kwamba iligeuka "kulia" nilisita, kwa sababu mtu aliyesimama chini ya kitu kinachozunguka huuona mzunguko kinyume na anayekitazama kutoka juu, na nimeona ripoti zikivurugika kwa kosa hilo tu. Lakini sentensi yako iliyofuata iliniondolea shaka: pua ilikuwa inatazama Kilimanjaro, ikapita milima ya Upare, ikapita Simanjiro, ikapita Meru, ikarudi Kilimanjaro. Milima haina kulia wala kushoto kwake, imekaa mahali pake, na mpangilio huo ni kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Pua ilikwenda kulia kwa rubani.

Kwa hayo mawili, habari ya injini kuzimika inaondoka. Injini ya helikopta ya aina hiyo ikizimika ghafla, ile nguvu iliyokuwa ikikipindisha kiwiliwili kwenda kulia hutoweka wakati rafadha ya mkia bado inasukuma, na matokeo yake pua hukimbilia kushoto. Hii yenu ilikwenda kulia, ikiwa na mngurumo ambao wewe, wanafunzi wako na mlinzi wa shule mmeusikia mpaka mwisho. Kwa kweli injini iliyokuwa ikifanya kazi kwa bidii zote ndiyo iliyolisha mzunguko ule.

Waya nao naona hauhusiki, kwa sababu unasema umeme haukukatika na hakuna waya uliolegea wala nguzo iliyoinama. Hata hivyo nisiipite hoja hiyo kana kwamba ni ya kipuuzi, maana nyaya zimeua marubani wengi wa kuruka chini, wakiwamo waliokuwa wakizijua fika. Waya hauonekani kwa rubani hadi umefika usoni. Anachojifunza kutafuta ni nguzo, kisha anauvuka mstari juu ya nguzo yenyewe na si katikati, kwa sababu kwenye njia kubwa, kama ile ya kilovolti 400 inayotoka Singida kupitia Arusha hadi Namanga, kuna waya mwembamba wa kukinga radi unaopita juu kabisa, na rubani anayezikwepa nyaya nene akidhani amemaliza ndiye anayeuvaa huo mwembamba. Helikopta nyingine hufungwa visu vya chuma juu na chini ya kioo cha mbele ili kuukata, lakini visu hivyo vimetengenezwa kwa kebo ya chuma yenye unene wa milimita 10 hivi, na vinahitaji helikopta iwe na mwendo. Yenu haikuwa na mwendo.

Jambo la majangili pia silicheki. Januari 2016, katika Pori la Akiba la Maswa, kusini-magharibi mwa Serengeti, rubani Mwingereza aliyekuwa katika msako wa majangili walioua tembo alipigwa risasi kutoka chini, ikapenya helikopta na kumwua. Jambo la namna hiyo limewahi kutokea hapahapa nchini, kwa hiyo wanaolisema hawatoi hewani. Lakini hapa wote watatu wametoka hai bila jeraha la risasi, hakuna aliyesikia mlio, na tundu la risasi kwenye bati laini la ndege halijifichi.

Kinachobaki kina jina refu la kitaalamu. Kwa Kiswahili changu cha karakana nimezoea kukiita mkia kuzidiwa. Jeshi la Marekani lilihangaika nacho kwenye helikopta zake za OH-58 Kiowa, na mwaka 1995 mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo ilitoa waraka kwa marubani kuhusu pua inayokimbilia kulia bila kutarajiwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika hali hiyo hakuna kilichovunjika wala kilichochomoka. Rafadha ya mkia ni nzima, inazunguka inavyopaswa, makanyagio yanafanya kazi, ila hewa inayoizunguka imeharibika au deni lake limezidi uwezo wake, na pua inakwenda inakotaka.

Upepo ndio unaoamua. Umeandika kwamba vumbi la trekta lilikuwa likielekea mlimani, na kwa tambarare ya kusini mwa Kilimanjaro, mchana wa jua kali, hivyo ndivyo ilivyo siku nyingi: mlima unapashwa joto, hewa inapanda, na upepo wa chini unavutwa kuufuata, mpaka jioni mambo yageuke na hewa baridi ianze kuteremka. Helikopta iliyokuwa ikitazama Kilimanjaro saa nane mchana ilikuwa na upepo mgongoni. Waraka ule wa Wamarekani unataja pembe za hatari, nazo ni rahisi kuzishika ukiifikiria helikopta kama saa ya ukutani ambayo pua yake iko kwenye 12. Upepo unaotoka nyuma, kati ya nyuzi 120 na 240, yaani kuanzia kwenye 4 hadi kwenye 8, unaushika mkia kama unavyoushika mkia wa kishada cha mtoto na kutaka kuupeleka unakoelekea wenyewe. Mzunguko mdogo ukianza, upepo huo unauharakisha. Upepo unaotoka kushoto, kati ya nyuzi 210 na 330, una madhara ya namna nyingine. Rafadha ya mkia ya helikopta hizi husukuma hewa kwenda kushoto, na upepo wa kushoto unairudisha, kwa hiyo mkia unajikuta ukifanya kazi ya mtu anayefagia majani ya mwembe dhidi ya upepo: anafagia sana, uwanja hausafishiki. Ndani ya eneo hilohilo, kati ya nyuzi 285 na 315, upepo unaupelekea mkia ile hewa chafu inayochuruka kutoka kwenye ncha za mapanga makuu.

Lakini upepo wa mgongoni peke yake hauangushi helikopta, la sivyo Moshi isingekuwa na rubani aliyesalia. Unahitaji mwendo mdogo, na hapa ndipo kuruka chini kunapofanya kitu ambacho watu wengi, wakiwamo baadhi ya marubani, hawakifikirii. Watu huona hatari ya kuruka chini ni ukaribu wa ardhi, na ni kweli, ila kuna nyingine iliyo ndani ya macho. Rubani aliye mita 500 juu haoni ardhi ikipita kwa kasi, hivyo mwendo wake anausoma kwenye saa za mbele yake. Rubani aliye mita 20 juu ya mahindi anasoma mwendo kwa macho, kwa jinsi mistari ya shamba inavyopita chini yake, kwa jinsi mgongo wa tembo ulivyokaa sawa na dirisha. Hesabu hiyo ya macho ni ya ardhi, wakati mapanga yanaishi kwenye hewa. Tembo wale wakiwa wanatembea kwa haraka, tuseme kilomita 20 kwa saa, na helikopta ikiwa sambamba nao, na upepo wa mgongoni nao ukiwa kilomita 20 kwa saa, basi rubani anayeona anasonga mbele vizuri kumbe ndani ya hewa amesimama kabisa. Mapanga hayapati hata kilomita moja ya upepo wa mbele.

Na helikopta iliyosimama hewani ni ghali kuibeba. Ikisonga ndani ya hewa kwa kilomita 30 hadi 45 kwa saa, mapanga huanza kukanyaga hewa mpya ambayo hayajaivuruga, na mzigo unapungua ghafla. Kila rubani anaujua mtikisiko ule mdogo unaokuja kabla ya wepesi. Ikishuka chini ya hapo, wepesi unaondoka, helikopta inaanza kuzama, na mkono wa kushoto wa rubani unavuta wenzo wa kupandisha bila hata yeye kuamua, kwa sababu chini kuna tembo. Injini inaongeza nguvu. Deni la mkia linapanda. Tembo wakageukia Upare, kama ulivyoandika, naye akageuka kulia kuwafuata, yaani upande uleule ambao pua ilikuwa ikitaka kwenda tangu asubuhi. Alichofanya ni kulegeza kanyagio la kushoto kidogo, geuzo la kawaida, na pua ilipoanza kwenda haikusimama pale alipoitaka isimame.

Kuna joto pia. Tambarare yenu iko kama mita 700 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Februari nyuzi 34 si habari. Kwa kanuni tunayoitumia, kila nyuzi moja ya joto inayozidi kiwango cha kawaida cha kimo hicho huongeza futi 120 hivi kwenye kimo ambacho injini na mapanga vinakihisi. Kiwango cha kawaida kwa mita 700 ni nyuzi 10 na kitu, kwa hiyo ziada ni karibu 24, na helikopta iliyokuwa juu ya mahindi yenu ilikuwa ikifanya kazi kana kwamba iko mita 1,560, juu kuliko Arusha mjini. Hesabu hiyohiyo ukiifanya kwenye uwanja wa Arusha pale Kisongo, ulio mita 1,387, siku ya nyuzi 28, unapata kama mita 2,200. Hewa nyepesi inayadhoofisha mapanga makuu na rafadha ya mkia kwa pamoja, na hapo bado hatujahesabu watu watatu, bunduki ya dawa ya usingizi, na mafuta ya kutosha kurudi.

Tiba ya mkia kuzidiwa inajulikana na hufundishwa: kanyagio la kushoto hadi mwisho bila kulegeza, usukani mbele ili kupata mwendo, na kama kimo kinaruhusu, teremsha wenzo ili kupunguza nguvu ya injini. Nimeyaona maneno hayo "kama kimo kinaruhusu" kwenye vitabu vingi, na kila mara nafikiri ndiyo maneno mazito kuliko mengine yote kwenye ukurasa. Kitu kinachodondoka bure kutoka mita 20 kinafika chini kwa sekunde 2. Helikopta haidondoki bure, lakini rubani aliye kwenye kimo hicho anapoambiwa ateremshe wenzo anaambiwa ajiangushe mwenyewe, na mkono wa binadamu hukataa. Akiuvuta juu ili asianguke, anaongeza deni la mkia, na mzunguko unazidi.

Mimi mwenyewe niliwahi kukaa kiti cha nyuma Simanjiro, tukihesabu wanyama kwa ajili ya kampuni ambayo sina haja ya kuitaja, mlango umetolewa ili nione vizuri. Rubani alipunguza mwendo nisome alama ya ng'ombe mmoja, nikahisi shavu la kushoto limepigwa na upepo ambao sekunde iliyopita ulikuwa wa mbele, kisha kilima kilichokuwa dirishani mwangu kikaondoka, kikaja mti, kikaja kilima tena. Sikusikia sauti yoyote ya ajabu, na hilo ndilo lililonitisha baadaye. Rubani aliinamisha pua kuelekea bondeni, tumbo langu likabaki juu, na baada ya mizunguko miwili tukawa tunaruka kama kawaida. Tulikuwa na mita 150 chini yetu. Daftari langu la kuhesabia liko Simanjiro mpaka leo.

Umeuliza kama anaruhusiwa. Kanuni ya jumla imo kwenye Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga, ambao Tanzania ni mwanachama wake: ndege inayoruka kwa kuona isishuke chini ya mita 150 juu ya ardhi, na juu ya miji na mikusanyiko ya watu iwe angalau mita 300 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho ndani ya mita 600 kutoka ilipo, isipokuwa inapopaa, inapotua, au kwa kibali cha mamlaka. Kurudisha tembo, kuwavisha kola na kunyunyizia dawa ni kazi zisizofanyika ukiwa mita 150, hivyo hufanywa kwa kibali, na msimamizi wetu ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kwa hiyo kuruka chini peke yake si kosa. Ninachokiona mimi ni kwamba kibali huruhusu kimo, hakibadilishi upepo. Ningekuwa mimi ndiye ninayepanga safari ile, ningeifanya kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, wakati tambarare yenu imetulia na hewa ingali nzito, ningemshusha mtu mmoja, na ningewasukuma tembo nikiwa nimeielekeza pua kwenye upepo hata kama njia hiyo ni ndefu zaidi. Ni rahisi kusema haya nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Tembo wakishaingia mahindini watu hawasubiri kesho asubuhi.

Hili linanifikisha kwenye lile la kujionyesha, ambalo nakuomba ulikatae hata kama linaletwa na mtu unayemheshimu. Uchunguzi wa ajali za ndege, kwa mujibu wa Kiambatisho cha 13 cha mkataba uleule, una lengo moja tu la kuzuia ajali nyingine, na haukusudii kugawa lawama; ripoti ya mwisho inatakiwa itoke haraka iwezekanavyo, na ikiwezekana ndani ya miezi 12. Kuna sababu ya kuandikwa hivyo. Juni 1994 helikopta aina ya Chinook ya jeshi la anga la Uingereza, ikiruka chini chini kutoka Ireland ya Kaskazini, iligonga mlima uliofunikwa na ukungu pale Mull of Kintyre, Scotland, na watu wote 29 wakafa. Maofisa wakubwa waliwatia marubani wawili hatiani kwa uzembe mkubwa, ingawa marubani hawakuwapo kujieleza na ushahidi haukutosha, na familia zao zilibeba doa hilo mpaka mwaka 2011, hukumu ilipofutwa na serikali ikaomba radhi. Rubani wenu yuko hai na anaweza kuulizwa. Aulizwe kwanza.

Sasa nirudi kwenye jambo ulilolitaja mwishoni mwa barua, kana kwamba ni dogo: kwamba vijana waliokota vipande na kuvipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu, na kwamba mwanafunzi wako mmoja ana kipande cha panga dogo, "la mkiani", alichokiokota hatua kama sitini kutoka kwenye mabaki, na umekiweka kabatini ofisini. Mwalimu, kipande hicho kinaweza kuyapindua yote niliyoandika. Kila dalili niliyoieleza, pua kwenda kulia, injini kunguruma, mzunguko kama wa pia, huonekana pia pale rafadha ya mkia inapovunjika kweli angani, au mhimili wake unapokatika. Mtu aliye chini hawezi kutofautisha. Anayetofautisha ni mkaguzi mwenye mabaki mezani: mhimili uliosokotwa kama miwa iliyopita kwenye kinu unaonyesha ulikuwa bado unazungushwa kwa nguvu panga lilipogonga ardhi, na hapo mkia ulikuwa mzima hadi mwisho; lakini mhimili uliokatika kwa mstari laini wenye mistari midogo kama ya ufukweni baada ya maji kupwa ni chuma kilichochoka kwa muda mrefu, na hapo maswali yanahamia kwa mafundi kama mimi.

Mahali kipande kilipookotwa nako kuna maana kubwa. Panga linalovunjika kwa kugonga ardhi hurusha vipande pande zote, na hatua sitini si mbali hata kidogo. Lakini helikopta ilikuwa ikitokea kusini kuelekea mlimani, kwa hiyo kipande kilichochomoka kabla ya mzunguko kuanza kingelala nyuma yake, upande wa kusini, kwenye njia iliyokwisha kupitiwa. Hujasema kilikuwa upande gani.

Kiviringishe kwenye gazeti kavu, usikisafishe, usijaribu kuunganisha palipovunjika, kisha ukipeleke kituo cha polisi pamoja na mtendaji wa kijiji ili kiandikishwe na kuwafikia wachunguzi. Vile vilivyouzwa, mwambieni mnunuzi asivikate, arudishiwe pesa yake. Lakini kabla ya hayo, mpeleke mtoto shambani, asimame pale alipokiokota, nawe simama pale ilipolala helikopta. Usimwulize kuhusu kaskazini wala kusini. Mwambie akutazame, halafu akutajie ni mlima gani anaouona nyuma yako, na uandike jibu lake pamoja na idadi ya hatua.